Atakayeulizia Mashine

Nyarugusu, Geita
4 Machi 2024

Dada Melania,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Mwili wangu mzima, roho ndiyo imeoza. Baba naye mpe shikamoo yake. Mwambie mwanawe hajafa, ingawa wapo wanaolishughulikia jambo hilo.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Yangu nimeizima na laini nimeitupa shimoni. Sababu nitakueleza, ila lazima nianze na ofisi ya kodi, maana nuksi yote imeanzia pale.

Huu ni mwaka wa tatu, dada. Nilipoingiza lile karasha langu la kusaga mawe ya dhahabu, walinitoza kodi mara mbili kwa mashine moja. Nikalalamika, wakapekua, wakakiri wenyewe kwa maandishi na mhuri kwamba wamekosea na nitarejeshewa. Nikafurahi kama mjinga. Toka siku hiyo naambiwa faili liko juu, faili limeshuka, faili liko kwenye uhakiki. Faili langu linapanda na kushuka kuliko ndoo ya kutolea mawe, na ndoo walau hutoka na kitu. Kuna kijana wa miwani anaitwa Donatus, ndiye anayenipokea kila mara kwa sauti ya upole kama padri kwenye kitubio. "Vuta subira, mzee wangu." Juzi nilimkunja shati nikamgongesha ukutani hadi miwani ikaanguka. Mlinzi akanitoa kwa rungu. Sijutii. Ninachojutia ni kwamba sikuikanyaga ile miwani.

Sasa habari ya simu. Subira haiwalishi wachimbaji. Nilikopa kwa Tajiri Adam, nikaweka karasha rehani, nikijua marejesho yakitoka namlipa siku hiyohiyo. Hayajatoka. Wiki iliyopita vijana wake walimkamata fundi wangu, Onesmo, wakamlaza vidole juu ya jiwe na kuvigonga kwa nyundo, kimoja kimoja, wakimuuliza niliko. Kisha wakachukua simu yake na kuanza kupigia kila namba waliyoikuta. Kwa hiyo na ya kwako izime, wala usiiwashe.

Karasha linakuja huko na Masudi, dereva wa lori la mpunga. Yeye ndiye atakayebeba barua zetu. Liingizeni zizini mlifunike kwa majani ya mpunga. Wakilipata hilo, dada, mimi nimekwisha. Sina kingine duniani.

Mdogo wako,
Enock


Didia
11 Machi 2024

Mdogo wangu Enock,

Milele amina. Marahaba.

Karasha lako limefika. Wanaume wa kitongoji kizima wamelishusha huku wakilitukana kwa Kisukuma, na lilipomkanyaga Mzee Masanja mguu akalitukana na kwa Kiswahili. Baba alilizunguka, akaligonga kwa gongo lake, akauliza kama linakula majani au pumba. Ng'ombe wamelikataa. Dume jeusi limelipiga pembe hadi pembe ikatoka damu. Nikasema hili dume ni Enock mtupu.

Mpe pole Onesmo. Nilipomsomea Baba habari ya vidole aliacha kula.

Lakini na wewe nikuseme, maana asipokusema dada yako atakusema nani? Huyo Donatus umemkunja shati la nini? Hela yako kaificha yeye? Yeye ni wa kukaa dirishani na kupokea matusi ya watu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wewe unakipiga kitanda mateke. Hasira zako nazijua tangu ulipomng'oa mtoto wa mwalimu jino kwa ajili ya goroli. Ni moto wa mabua, unawaka upesi na kuzimika upesi, lakini katikati hapo nyumba ya mtu imeshaungua.

Halafu kuna jambo sikulielewa. Hao wa uhakiki si watataka kuiona hiyo mashine kwa macho yao? Ukimficha Adam umewaficha na wao. Nenda kamwombe msamaha yule kijana, umwambie karasha liko Didia, nyumbani kwa baba yako.

Simu nimeizima. Nimeanza kukizoea kimya chake.

Dada yako,
Melania


Nyarugusu
2 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Pasaka yangu ilikuwa ya damu, nikupe yote.

Kwanza nimekutii. Nilikwenda ofisini, nikamwambia Donatus karasha liko Didia, akaandika. Kuandika wanajua. Msamaha sikuomba, ulimi ulikataa. Akaniambia kuna fomu nyingine ya kujaza. Nilitamani nimlishe ile fomu pamoja na kalamu yake. Hakuna atakayetoka pale kwenda kuangalia mashine yangu, dada, watu wale hawaendi hata dukani bila posho. Sahau.

Pili, Jumamosi Kuu vijana wa Adam walikuja kambini. Watano. Walimpiga Onesmo kwa sepetu, yeye ambaye mikono bado ina bandeji, hadi akatapika. Nikatoka na mtaimbo. Wa kwanza nilimpata begani, nikasikia mfupa ukilia kama kuni kavu. Wa pili alinichana paja kwa panga, nikamwangusha na kuendelea kumpiga hata aliposema basi. Aliposema basi ndipo nikapata nguvu zaidi. Wachimbaji walinitoa juu yake. Sitaki kukudanganya, nilikuwa nafurahi. Kila pigo nililiona linaangukia mtu wa ofisi ya kodi, kwa kila "njoo kesho" aliyoniambia.

Sasa wameshajua karasha halipo hapa, na wanajua kwetu ni wapi. Watakuja Didia. Na hawatakuja na mapanga, Adam si mpumbavu. Atatuma mtu aliyechomekea shati, mpole, ana mkoba na karatasi, anashuka kwenye bodaboda na kuamkia wazee vizuri. Atauliza kama hapo ni kwa Enock. Atataka kuiona mashine, aipige picha. Ndivyo walivyofanya kwa jirani yangu. Asubuhi picha, jioni winchi.

Kwa hiyo sikiliza, na Baba umsomee. Atakayeulizia mashine, msimpe hata maji. Pigeni yowe la mwano. Wanaume wa Didia wamfundishe, wasimwachie mfupa mzima.

Enock


Didia
9 Aprili 2024

Enock,

Marahaba. Paja lako lioshe kwa maji ya chumvi, na uende hospitali, usijitie ubabe.

Barua nilimsomea Baba. Aliikunja, akaivalia kofia, akaipeleka kwa kamanda wa sungusungu. Jumapili baada ya misa ikasomwa mkutanoni, neno kwa neno, na ile ya mfupa mzima pia. Watu walishangilia. Mvua hazikuwa nzuri mwaka huu, ng'ombe wameibwa Mwamala na Tinde, kila mtu ana hasira zake na hana pa kuzipeleka. Umewapa pa kuzipeleka.

Ndiyo maana nakuandikia nikiwa na hofu. Umekaa migodini muda mrefu, labda umesahau mwano ni nini. Mimi nikishaupiga, anayeusikia anaacha jembe na kuupokea, anaupeleka mbele kwa jirani, na jirani kwa jirani, mpaka vijiji vitatu vinakimbia kuja kwangu. Asiyekuja anatozwa ng'ombe. Hakuna anayefika akauliza "kuna nini." Anauliza "yuko wapi." Na hakuna wa kuuzima, hata aliyeupiga.

Kazi hiyo nimepewa mimi kwa kuwa ndiye ninayeshinda nyumbani. Mdogo wangu, nakuuliza kama mkubwa wako: una hakika? Si mtu wa kukemewa tu akarudi alikotoka? Kula kwanza, ushibe, ulale, halafu unijibu. Ukiniambia niache, naacha, na Baba nitamkabili mwenyewe.

Melania


Geita
19 Aprili 2024

Dada,

Unaniuliza kama nina hakika. Nakujibu nikiwa nimetoka mahabusu jana.

Nilikwenda ofisini kuulizia. Mlinzi akaniambia jina langu limekatazwa mlangoni. Nimefukuzwa kwenye mlango wa watu wanaokula hela yangu! Nilimpiga kichwa cha pua. Akaanguka, nikamkanyaga mkono ulioshika rungu. Walinibeba polisi wanne. Nimetoka kwa dhamana na naripoti kituoni kila asubuhi, siruhusiwi kutoka nje ya Geita, la sivyo ningekuja kulinda karasha langu mwenyewe.

Nilikaa ndani nikawaza, mtu mwenye panga nimeshamwona na nimemuweza. Mtu mwenye karatasi ndiye anayeniua. Anakuua huku anakuita mzee wangu.

Nimekula, nimeshiba, nimelala. Nina hakika. Pigeni.

Enock


Nyarugusu
3 Mei 2024

Dada yangu mpenzi Melania,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Kaa chini kabla hujaendelea.

Donatus amekuja. Amekuja mwenyewe hadi kambini, vumbi mpaka kwenye kope, kwa sababu ananipigia mwezi mzima na simu haipatikani. Nilipomwona nilishika sepetu. Akainua mikono akacheka, akasema, "Mzee wangu, nipige, lakini saini kwanza." Dada, marejesho yamepitishwa! Kumbe muda wote ni yeye aliyekuwa akilipeleka faili langu kwa mguu kutoka meza hadi meza. Aliligombea hata baada ya mimi kumkunja shati. Nikamuuliza kwa nini. Akasema baba yake alikuwa mchimbaji Mgusu, alikufa akisubiri kiinua mgongo chake. Basi. Nami nililia mbele za wachimbaji wangu.

Kimebaki kitu kimoja. Lazima alione karasha kwa macho yake na kulipiga picha, ndipo hela itoke. Anakuja Didia wiki ijayo, siku hajaijua. Akikosa gari la ofisi atapanda bodaboda kutoka Shinyanga mjini. Mmpokee. Mchinjieni jogoo, na Baba asimwulize mambo mengi. Ile habari ya mwano iacheni, waambie watu huyu ni wa kwetu.

Nimejaribu kukupigia kwa simu mpya ya Onesmo, ya kwako imezimwa. Umenitii mno. Haidhuru, Masudi anaondoka leo na kesho barua utakuwa nayo.

Namlipa Adam, nakuja nyumbani, nanunua suti. Usicheke.

Mdogo wako,
Enock


Didia
6 Mei 2024, jioni

Enock,

Masudi hajapita, wanasema lori limevunjika gia Kahama. Barua hii nitampa mwalimu anayekuja Geita kesho. Naandika haraka, utanisamehe mwandiko.

Tumefanya ulichosema.

Alikuja saa nne asubuhi kwa bodaboda. Shati jeupe amechomekea, mkoba begani, miwani. Alivua kofia kabla hajaingia uani. Akasema, "Shikamoo mama." Sikumjibu. Akauliza kama hapa ndipo kwa Enock. Akasema amekuja kuiona ile mashine, aipige picha. Yote uliyoyaandika aliyasema, kana kwamba na yeye aliisoma barua yako. Akaomba maji ya kunywa. Nikasema ngoja nikulete.

Nilizunguka nyuma ya nyumba nikapiga mwano.

Sijawahi kusikia sauti yangu ikienda mbali hivyo. Kwa Masanja wakaupokea, kisha ng'ambo ya mto, kisha sikuusikia tena mwisho wake. Kijana wa bodaboda aliujua, ni mtoto wa huku. Alitupa pikipiki akakimbilia mashambani, walimrushia mishale ikamkosa. Yule mgeni hakuujua. Alisimama tu uani, akaniuliza, "Mama, kuna msiba?"

Waliingia kutoka pande zote. Alijaribu kuonyesha kitambulisho, wakamkata mkono uliokishika. Akapiga kelele, "Nimemletea hela yake! Ni hela yake!" Mtu akasema ndivyo wanavyosema wote, na ni kweli, uliandika kwamba watakuja kwa upole. Akakimbilia zizini. Ng'ombe wakavunja boma. Aliliona karasha, Enock. Nyasi zilikuwa zimemwagika akaliona, akalikumbatia kwa ule mkono mmoja, wakawa wanampiga hapo hapo kwa marungu na mawe, na chuma kinalia kila wanapomkosa. Walimpiga hata alipokuwa hapigiki tena. Vijana nilio​wasimamia ubatizoni mimi. Kisha wakachoma pikipiki.

Baba alifika mwisho, kwa sababu ya magongo yake. Alimwangalia akasema, "Huyu hana mikono ya kugombana."

Mkoba haukufunguliwa, wameutupa motoni pamoja na pikipiki. Niambie ni mtu wa Adam. Andika upesi, uniambie ni yule.

Melania


Geita
9 Mei 2024

Dada.

Alikuwa Donatus.

Barua yangu ya tarehe tatu iko ndani ya lori Kahama. Utaipata, usiisome.

Hapa ofisini bendera nusu mlingoti. Nilikwenda kusimama nje ya geti, yule mlinzi niliyemvunja pua alikuwa analia, akanipa mkono. Hawajui bado kwamba neno lilitoka kwangu. Wanasema mtumishi ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Wananchi wenye hasira kali! Hasira ilikuwa yangu. Nimejigonga kichwa kwenye nguzo hadi watu wakanishika. Nataka mtu anipige na hakuna anayenipiga.

Sikiliza, nakuomba. Didia haijawahi kumtaja aliyepiga mwano, na haitaanza leo. Nyamaza. Polisi wakija, ulikuwa shambani. Watakaa, watauliza, watachoka, kesi kama hizi hufa zenyewe. Barua zangu zichome zote. Nilikuwa na hasira tu, dada, ni maneno ya hasira. Nani anaua mtu kwa maneno ya hasira?

Nisamehe. Mwambie na Baba.

Enock


Shinyanga
15 Mei 2024

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Naandika nikiwa kwenye benchi la polisi. Nimefika asubuhi, nimesema nina maelezo, nimeambiwa nisubiri.

Kama ulivyotabiri, Didia imenyamaza. Wamechukua wanaume ishirini na hakuna aliyemtaja mtu. Walipouliza kwa mara ya mwisho ni nani aliyepiga mwano, Baba akanyanyuka na magongo yake akasema ni yeye. Mzee wa miaka themanini, pumzi ya kupulizia moto hana. Kila mtu pale alijua sauti ile ilikuwa ya mwanamke, na kila mtu akatazama chini. Wamemweka ndani. Hali chakula, anakohoa usiku kucha, askari mmoja ameniambia hatafika mahakamani. Unataka ninyamaze ili Baba afie kwenye sauti yangu.

Mke wa Donatus alikuja kuchukua mwili. Anaitwa Bernadina. Mjamzito. Aliomba aonyeshwe mahali, akakaa zizini kwenye kinyesi cha ng'ombe akiwa na gauni la kutokea, akaniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu, kama mume wake alipata walau maji ya kunywa alipofika. Safari ilikuwa ndefu, alisema, na yeye hunywa maji mengi. Nilimwambia ndiyo. Nilimwambia nilimpa. Huo ndio uongo uliobaki kooni, Enock, unanilemea kuliko uongo mwingine wote.

Unasema yalikuwa maneno ya hasira. Najua. Wewe ulikuwa na hasira, ukaandika, ukapoa ukataka suti. Mimi sikuwa na hasira na mtu yeyote. Nilikuuliza mara moja, ungeniambia niache ningeacha. Niliamini tu mdogo wangu ananiambia kweli. Ndicho kitakachonifunga, na sioni haki ya kulalamika.

Barua yako ya tarehe tatu nimeisoma. Zote ninazo hapa mapajani, sikuchoma hata moja. Wakiniuliza mwano niliupiga kwa neno la nani, nitawaonyesha. Mimi sikufichi, na wewe usikimbie. Wakati tunangoja wajue ukweli, karasha liuze, alipwe Adam, na kitakachobaki kipelekwe kwa Bernadina bila jina lako.

Jua limeshapita juu ya paa na bado nimekaa. Wanapita, wananiambia ngoja mama, mwenye faili hayupo. Leo ndiyo nimeijua ile hasira yako, jinsi inavyopanda. Inapanda kweli. Nimeikalia, mdogo wangu, na sijampiga mtu.

Wananiita.

Dada yako,
Melania